Vitabu 140 vya farasi kwenye simu ya saisi: anza na mwaka, skana baadaye

Swali: Shikamoo. Mi nafanya kazi ofisini kwenye shamba la farasi huku Usa River, tuna farasi 19 na punda wanne, wageni wanakuja kupanda. Mama mwenye shamba umri umeenda karudi kwao Uingereza, katuachia vitabu kama 140 vya farasi na madaftari yake sita ya mkono, anataka iwe maktaba ya dijitali ili mimi na masaisi (watunza farasi wetu) tusome kwenye simu. Nishaanza kupiga picha, niko kitabu cha tatu. Kijana wetu wa kompyuta anasema tutupie zote Google Drive basi imeisha. Naanzia wapi, je ni halali, na hayo madaftari niyafanyeje?

Jibu: Marahaba dada yangu, na pole na kazi. Mi ni mkutubi hapa Moshi, miaka mingi sa hivi nashughulika na kuhamisha vitabu vya karatasi kwenda kwenye kompyuta, na swali lako limenifurahisha sana maana watu wengi wakifikiria maktaba ya dijitali wanawaza mashine tu. Nakuomba kitu kimoja kwanza: acha kupiga picha vitabu kwa wiki mbili (madaftari ya mama ni mbali, hayo ntayafikia mwisho). Hivyo vitatu ulivyoanza viweke pembeni, hujapoteza kitu.

Hizo wiki mbili tumia kuandika orodha. Fungua Excel, kila kitabu mstari mmoja, andika jina la kitabu, mwandishi, mwaka kilipotoka mara ya kwanza, mwaka mwandishi aliofariki, mfasiri kama yupo, mchoraji kama yupo, hali ya kitabu (kimeloa, kimeliwa na mchwa, kurasa zimetoka), na safu moja ya mwisho ambayo ntaieleza vizuri chini, kinahusu nini kwa Kiswahili. Mwaka usiuchukue kwenye jalada. Geuza ule ukurasa wa jina la kitabu, nyuma yake ndo kuna maandishi madogo ya mchapishaji, soma yote mpaka mwisho, maana kitabu kinaweza kuwa na jalada jipya linang'aa la 1974 kumbe maneno ya ndani ni ya 1890 yamechapwa tu upya, na kwako wewe tofauti hiyo ni kubwa kuliko unavyofikiri, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni sheria, ya pili ni uhai wa farasi wenyewe.

Tuanze na sheria. Kununua kitabu hakukupi haki ya kukinakili, unamiliki karatasi tu, maneno bado ni ya mwandishi au warithi wake. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ya kwetu haki hiyo inadumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Uingereza ni 70 baada ya kufa. Marekani kwa vitabu vya zamani wanahesabu tofauti, wanaangalia mwaka wa kuchapishwa, kikishapita miaka 95 kiko huru. Kwahiyo unaweza kukuta kitabu cha 1920 kiko bure kabisa kwenye tovuti ya Marekani lakini mwandishi wake kafariki 1980, huku kwetu bado kina mwenyewe mpaka mwisho wa 2030. Na kinyume chake pia, mwandishi aliyekufa 1970 kwetu kashakuwa huru lakini ukikiweka wazi intaneti anakisoma mtu wa London ambako bado hakijawa huru. Ndo maana nataka ile safu ya mwaka wa kufa, usiiruke hata kama inachosha kuitafuta.

Najua utaniuliza, mbona nakala tunayo kabatini, si tunaskani tu tunamwazima mtu mmoja mmoja kama maktaba ya kawaida? Hilo lilishafika mahakamani. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni ya Marekani, walikuwa wanafanya hivo hivo, nakala moja ya karatasi kwa nakala moja ya skrini, wachapishaji wanne wakubwa wakawashtaki 2020, wakashinda Machi 2023, na rufaa Septemba 2024 ikashindwa vilevile, vitabu zaidi ya laki tano vikaondolewa kwenye kuazimishwa. Sheria yao sio sheria yetu, ila inakuonyesha upepo unavuma wapi. Vitabu vya mama ambavyo bado vina mwenyewe viweke kwenye orodha ya dijitali bila maneno ya ndani, yaani saisi akitafuta aone "kipo, kabati la pili, rafu ya juu, ukurasa 112" aende akakichukue kwa mkono. Hiyo nayo ni maktaba. Ukiwa na kitabu unachokihitaji sana kiwe kwenye simu mwandikie mchapishaji umwombe, na kwa maswali ya hapa nchini wapo COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, ndo kazi yao.

Halafu mfasiri, hapa wengi wanateleza. Xenophon Mgiriki ameandika kuhusu kupanda farasi karne ya nne kabla ya Kristo, yeye kafa miaka zaidi ya 2,300 iliyopita, lakini huyo unayemsoma kwa Kiingereza kafasiriwa na mtu, na mtu huyo ana haki zake. Tafsiri ya Dakyns iko bure Project Gutenberg, tovuti ya vitabu vilivyoisha hakimiliki, na Dakyns kafariki 1911, hiyo ipakue bila wasiwasi. Tafsiri mpya ya juzijuzi yenye picha nzuri hapana. Kwa upande mwingine Black Beauty ya Anna Sewell ni ya 1877, mwandishi kafariki 1878, hiyo maneno yake ni ya dunia nzima, ila kama nakala ya mama ina michoro ya msanii wa miaka ya sitini usiskani michoro, chukua maandishi kutoka Gutenberg. Hata ungeweza kuifasiri kwa Kiswahili mwenyewe sura moja moja ukawasomea masaisi jioni, ni hadithi inayosimuliwa na farasi mwenyewe jinsi anavyotendewa, mi naamini kitabu hicho kinamfundisha mtu huruma kwa mnyama kuliko mwongozo wowote.

Sasa sababu ya pili, na hii ndo inanifanya nikuandikie kirefu. Angalia vizuri hesabu yake: vitabu vilivyo huru ni vya zamani, na vitabu vya zamani vya tiba ya farasi vina mambo ya hatari. Ukifungua kitabu cha tiba cha karne ya 18 au 19 utakuta wanamtoa farasi damu, wanamchoma mguu kwa chuma cha moto, wanampa dawa zenye zebaki na aseniki. Wakati huo walikuwa wanafanya walichokijua. Lakini saisi wako kijana wa miaka 22 anayesoma Kiingereza kidogo kidogo, akifungua simu saa tano usiku farasi anaumwa, akakuta kitabu kimeandikwa kwa uhakika kabisa mpe hiki, atajuaje kama ni cha 1820? Kwenye karatasi harufu na rangi ya kitabu inamwambia mzee huyu. Kwenye simu kurasa zote ni nyeupe, zote zinafanana. Kwahiyo kila kitabu cha tiba cha kabla ya, tuseme, 1950 kiwekee ukurasa wa kwanza wako mwenyewe, herufi kubwa: KITABU CHA ZAMANI, USITIBU KWA HIKI, PIGA SIMU KWA DAKTARI WA MIFUGO, na namba ya daktari wenu chini yake. Na jina la faili lianze na mwaka, 1877_ na kuendelea, ili hata mtu akitumiwa WhatsApp auone mwaka kabla hajafungua.

Sisemi vya zamani vitupwe, hata kidogo. Chukua ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoua farasi huku kwetu wakati pundamilia anatembea nao bila shida yoyote na punda naye mara nyingi hata haonyeshi dalili. Watu wa zamani kusini mwa Afrika walidhani ni umande na hewa mbaya ya usiku, kwahiyo wakasema farasi aingie bandani kabla jua halijazama asitoke mpaka umande ukauke. 1900 McFadyean kule London akaonyesha kwamba kinachoambukiza ni kidogo kuliko bakteria kinapita kwenye chujio, na 1944 Du Toit wa Onderstepoort, kituo cha utafiti wa mifugo kule Afrika Kusini, akaonyesha kwamba anayebeba ni usubi, hawa wadudu wadogo wanaouma jioni na alfajiri. Umeona? Sababu waliyoitoa ilikuwa sio, ila ushauri wa kufunga banda jioni ulikuwa sahihi kwa sababu ndo saa za usubi. Ukiviweka vitabu hivyo vitatu jirani kwenye maktaba yako, kila kimoja na mwaka wake, saisi anaelewa kwanini anafunga lile banda, na mtu anayeelewa kwanini hasahau. Thailand 2020 ugonjwa huu uliingia kwa mara ya kwanza wakapoteza farasi zaidi ya 500, kwahiyo sio habari ya zamani.

Ile safu ya Kiswahili sasa. Niliwahi kukaa bandani na saisi mmoja huku upande wa Moshi, farasi alikuwa anakwangua chini kwa mguu wa mbele, anageuza shingo anatazama ubavu wake, anataka kulala agaragare. Yule kaka alijua ni tumbo, aliniambia hata kabla sijauliza. Akatoa simu yenye kioo kilichopasuka kona, akaandika "farasi anagaragara" kwenye mkusanyiko wa pdf walizokuwa nazo, akapata sifuri. Pdf zilikuwepo, nne zinazoeleza jambo hilo hilo, lakini zote zinaita kwa Kiingereza, na neno hilo la Kiingereza, colic, yeye hakuwahi kulisikia. Daktari alikuja, farasi alipona, ila mi sijasahau ile sifuri.

Basi kwenye kila kitabu, na ikiwezekana kila sura, andika maneno ambayo saisi wako atayaandika akiwa na haraka. Usiandike majina ya kitaalamu, andika anachokiona kwa macho: anagaragara, hali, hanyi, anakohoa, kwato la moto, anachechemea, macho yamevimba, mapovu puani. Kaa nao siku moja na chai, waulize kila kifaa wanakiitaje, utashangaa. Kiswahili kina maneno yake ya zamani ya farasi na punda kutoka pwani, saisi lenyewe, hatamu, lijamu la mdomoni, kigwe, tandiko, kikuku cha kukanyagia, shogi la kubebea mzigo kwenye punda, kwenda shoti. Wengine kwenu watakuwa wanatumia maneno ya Kiingereza yaliyogeuzwa, na ya Kimasai kwa upande wa punda, yote andika, usichague la "usahihi" ukatupa mengine, maana kazi ya hiyo safu ni mtu apate kitabu. Wewe na hao masaisi mkimaliza mtakuwa na kamusi ndogo ya farasi ya Arusha ambayo mi sijaiona popote.

Kuhusu kupanga kwenye makundi usijitese. Namba za Dewey zinazotumika maktaba za mkoa, Arusha na Moshi zote ukienda utaziona, zinawatawanya farasi: ufugaji ni 636.1 pamoja na mifugo mingine, magonjwa ni 636.1089, kupanda ni 798.2, hadithi ziko kwenye fasihi huko mbali. Kwa maktaba ya mkoa ni sawa, kwa vitabu 140 vya shamba moja ni usumbufu. Ziandike hizo namba kwenye orodha kwa faida ya baadaye, lakini kwa watu wako fanya makundi yenu: kumlisha na kumtunza, kwato, kuumwa, kumfundisha farasi, kumfundisha mgeni kupanda, vifaa vya ngozi, punda, hadithi na historia.

Haya, kuskani. Baada ya orodha utakuta vitabu vya kuskani kweli sio 140, pengine ishirini au thelathini, na kabla hujagusa hata hivyo angalia kama wengine hawajaviskani tayari. Internet Archive, HathiTrust (nayo maktaba ya mtandaoni ya Marekani), na vya Kifaransa angalia Gallica ya maktaba ya taifa ya Ufaransa, maana mabingwa wa zamani wa kupanda kwa ustadi kama de la Guérinière wa 1733 ni Wafaransa. Kikiwepo kipakue, umeokoa siku mbili.

Kwa vile vinavyobaki simu inatosha kama kamera yake ni nzuri, sharti isitikisike. Tengeneza kitanda cha mbao chenye umbo la V, fundi seremala yeyote atakutengenezea, kitabu kifunguke nyuzi 90 tu usikilaze chali ukavunja mgongo wake, simu juu kwenye stendi, taa mbili za pembeni zikae kwa mshazari, zima flashi. Lenga dpi 300, yaani nukta 300 za picha kwa kila inchi, na kwenye michoro ya mifupa na misuli yenye mistari myembamba panda 600. Ujue uzito lakini: ukurasa wa A5 wa rangi kwa dpi 300 bila kubanwa ni kama MB 13, kitabu cha kurasa 300 ni karibu GB 4. Hizo ndo nakala mama, zinakaa kwenye hadidiski, kwenye simu za masaisi inaenda pdf iliyobanwa. Na usifanye kazi hii wakati wa masika karatasi zikiwa zimevuta unyevu, zinajikunja na picha inatoka na mawimbi.

Kisha usomaji wa herufi, ili kompyuta ijue maneno na mtu aweze kutafuta. Tesseract ni programu ya bure na inasoma Kiswahili pia, achilia mbali Kiingereza na Kifaransa. Angalizo moja nililolipia kwa macho yangu: vitabu vya Kiingereza vya miaka ya 1700 vina s ndefu inayofanana na f, kompyuta inasoma "horse" ikaandika "horfe", kitabu kizima cha farasi ukitafuta farasi huioni hata mara moja. Vya namna hiyo badilisha neno hilo lote kwa mkupuo, na jaribu kutafuta maneno kumi kabla hujasema umemaliza.

Google Drive ya kijana wenu iwe ghala tu, maktaba hapana. Weka Calibre, ni programu ya bure, kwenye kompyuta ya ofisini, ina sehemu ya kuongeza safu zako, ile ya Kiswahili na ile ya mwaka, halafu ina seva yake ndani, ukiiwasha mtu yeyote aliye kwenye wifi ya shamba anafungua kwa brauza ya simu anatafuta na kusoma bila bando hata shilingi. Umeme ukikatika maktaba inalala, kwahiyo vile vitabu vitano sita vya dharura vipakue kabisa kwenye simu ya kila saisi. Na nakala za mafaili ziwe tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, moja nje ya shamba. Nasema hivi nikiwa na uchungu: ofisi moja niliyowahi kufanya kazi tuliskani miezi minane tukaweka kwenye hadidiski moja, ikaanguka kutoka mezani, sentimita themanini tu, hatukupata kitu.

Kwa tiba za kisasa usihangaike na vya kuskani. Jarida la utafiti wa mifugo la Onderstepoort liko wazi bure, mwongozo wa shirika la afya ya wanyama duniani una sura nzima ya ugonjwa wa farasi wa Afrika bure, na kwa punda zako wanne The Donkey Sanctuary wana vitabu vya kupakua. Msiwasahau hao punda, vitabu vya mama najua vitakuwa vya farasi asilimia kubwa, na punda sio farasi mdogo.

Nimeacha madaftari mwisho makusudi, ila kwa kazi ndo yaanze. Kabla ya orodha, kabla ya Calibre. Vitabu vile vingine vina nakala zake London na Boston, hayo madaftari sita yapo hapo Usa River tu duniani kote. Humo ndani kuna farasi gani aliumwa mwezi gani, mvua ilinyesha lini usubi ukaanza lini, nani alizaa, lishe ipi ilifanya kazi kwa majani ya huko kwenu, hakuna kitabu cha Ulaya kitakachokwambia hayo. Haki ni za mama mwenyewe na yupo hai, mpigie, aseme kwa maandishi nani aruhusiwe kusoma, na akuambie kama kuna kurasa za mambo ya watu au mishahara zifungwe. Mwandiko wa mkono Tesseract haitausoma vizuri, kwahiyo mtumieni yeye picha za zile sehemu zisizoeleweka awasomee kwa simu huku mnarekodi sauti, na sauti hiyo iwekeni maktaba pamoja na picha za kurasa. Fanyeni mapema wakati bado anakumbuka.

Piga ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza kesho asubuhi karibu na dirisha upande usio na jua, weka rula pembeni ili ukubwa ujulikane, unitumie picha nione kama mwanga umekaa sawa kabla hujaendelea.